Mzee analala barazani mwaka wa tano: aanzishiwe wapi safari ya chumba, kitambulisho na matibabu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama lishe hapa Mtwara mjini, karibu na stendi. Kuna mzee analala kwenye baraza la duka jirani, mwaka wa tano huu. Tunamwita Babu. Saa nyingine anaongea peke yake, akipata hela anakunywa nipa (pombe kali ya kienyeji), na mguu mmoja umevimba una kidonda. Hana kitambulisho chochote. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimechanga laki sita, na kuna chumba cha uani cha shilingi 20,000 kwa mwezi. Wenzangu wengine wanasema aache pombe kwanza ndipo tumpangie. Wengine wanasema apelekwe TASAF, wengine Mirembe. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba mama, na poleni kwa mzigo huu mlioamua kuubeba.

Anzeni na chumba. Kitambulisho, msamaha wa matibabu, TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), vyote vinapitia kwa mtendaji wa mtaa, na mtendaji hawezi kumwandikia barua mtu ambaye hakai mtaani kwake. Mtu anayelala barazani anaonekana na kila mpita njia lakini kwenye daftari la mtaa hayumo, na TASAF inahesabu kaya, haihesabu vichwa vilivyoko barabarani. Akipata chumba chenye mwenye nyumba anayejulikana na namba ya nyumba, Babu anakuwa kaya ya mtu mmoja. Hapo ndipo karatasi zinaanza kutembea.

Hoja ya wenzako ya "aache pombe kwanza" inatoka kwenye nia njema, na duniani kote huduma za watu wa namna hii zilikuwa zikiendeshwa hivyo: acha ulevi, kunywa dawa, onyesha umebadilika, ndipo upewe nyumba. Wengi waliishia njiani. Mwaka 1992 huko New York mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha mpango uliogeuza mpangilio huo: mtu anapewa nyumba kwanza bila sharti la kuacha pombe, halafu matibabu yanamfuata hapohapo anapoishi. Finland iliufanya kuwa sera ya nchi kuanzia 2008. Kanada iliujaribu katika miji mitano kati ya 2009 na 2013, kwa watu zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba kwanza walidumu kwenye nyumba kwa kiwango kikubwa kuliko waliopitishwa njia ya kawaida. Kule kuna ruzuku ya kodi na timu za wauguzi zinazopita majumbani, vitu ambavyo Mtwara hamna. Kwa hiyo msichukue mpango wote, chukueni mpangilio wake. Mtu anayelala macho nusu akilinda furushi lake asiibiwe hawezi kuacha nipa, kwa sababu nipa ndiyo inayompa usingizi.

Kabla ya kulipa hata shilingi, zungumzeni naye. Msiende kikundi kizima. Aende mtu mmoja anayemzoea, pengine wewe unayempa sahani, asubuhi kabla hajanywa. Keti chini alipo, usimsimamie kichwani. Mwulize anaitwa nani (jina lake la utoto pia), ametoka kijiji gani, mama yake ni wa ukoo gani, angependa kukaa wapi, na kitu gani hakitaki kabisa. Akisema hataki kufungiwa, jua amewahi kufungiwa mahali. Mwambie wazi kwamba chumba ni chake na ufunguo ni wake, na kwamba hakuna atakayempeleka popote bila kumwambia. Hili la mwisho ni zito. Watu wengi waliokaa barabarani miaka waliwahi kudanganywa "twende ukale", wakajikuta kwenye gari. Ukimdanganya mara moja, miezi sita ya kujenga imani imekwenda. Huenda ikachukua mazungumzo mengi mafupi kabla hajasema ndiyo, na hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe.

Na tafadhali, msitupe kiroba chake. Ukimwomba akuonyeshe kilichomo utakuta chupa, matambara, waya, na mara nyingi chini kabisa kuna mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili matatu. Humo ndimo karatasi zinamokaa: kadi ya mpiga kura ya zamani, kadi ya hospitali, cheti cha shule kilichochanika katikati, barua ya kazi. Kipande kimoja tu chenye jina na mwaka kinaweza kuwapunguzia nusu ya safari za ofisini. Kipigeni picha palepale kwa simu, kisha mrudishieni mwenyewe.

Sasa ofisi. Nendeni kwa mtendaji wa mtaa wenye chumba hicho, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, mkawaambie mnataka kumhamishia mzee huyu kwenye mtaa wao na nani anawajibika naye. Wakijua mapema watawasaidia. Wakishtukizwa watamwona kama mzigo uliotupwa mlangoni kwao. Siku hiyohiyo au kesho yake nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata, na kama kata haina, ofisi ya halmashauri ya manispaa. Ombeni afungue jalada la Babu. Jalada ndilo linaloungana na hospitali, TASAF na hata polisi akikamatwa kwa uzururaji. Ombeni jina la afisa na namba ya jalada, muandike kwenye daftari la kikundi. Maafisa huhamishwa, na anayekuja baada ya miezi minane hatajua chochote msipokuwa na namba.

Kuhusu chumba: mkataba uandikwe kwa jina la Babu kama mpangaji, na kikundi kiandikwe kama mlipaji. Wengi wanakosea hapa. Wanaandika jina la mwenyekiti wa kikundi kwa kuwa ndiye mwenye kitambulisho, halafu karatasi ambayo ingethibitisha makazi ya mzee inathibitisha makazi ya mtu mwingine. Andikeni mtaa, kata, na namba ya nyumba iliyobandikwa kwenye operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Kama kibao kimeng'oka, mtendaji anaweza kuitafuta namba. Mtendaji ashuhudie, agonge muhuri, na nakala tatu zitoke: ya mwenye nyumba, ya Babu, ya kikundi.

Mwenye nyumba aambiwe ukweli wote, pamoja na kuongea peke yake na nipa. Akikataa, afadhali akatae leo. Mwenye nyumba aliyefichwa atamtoa usiku, siku ya kwanza Babu atakapopiga kelele. Mpeni namba mbili za simu za wanakikundi na ahadi kwamba mmoja atafika akiitwa. Kwa wenye nyumba wengi ahadi hiyo ina thamani kuliko kodi ya mwaka mzima mkononi. Kodi yenyewe lipeni kwa miezi mitatu mitatu mkiweza, yaani 60,000. Akishikilia miezi sita, lipeni 120,000, lakini msilipe mwaka. Chumba cha kwanza kinaweza kumshinda, na fedha ya mwaka hairudi.

Laki sita yenu naigawa hivi: kodi ya miezi kumi na miwili 240,000, godoro, mkeka, chandarua, shuka mbili, ndoo yenye kifuniko, taa ya sola na kufuli 120,000, picha, nakala, ada na nauli za ofisini 60,000, hospitali na sabuni 80,000, na 100,000 isiguswe kabisa, ni ya siku ya dharura. Chakula hakimo kwa sababu sahani yako inaendelea. Ila ihamishe: badala ya kumpa pale kwenye mgahawa, ipelekwe chumbani saa ileile kila siku. Anayepeleka sahani ndiye anayeona kama amelala, kama mguu unanuka, kama kuna wageni. Chandarua msikiache kwa kubana matumizi, pwani yetu hii ina malaria mwaka mzima. Taa ya sola ni kwa ajili ya kuepuka kibatari, na jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa. Hewa ya sumu ya mkaa inaua mtu amelala, na mlevi au mwenye kifafa anaungua kwa urahisi.

Usiku wa kwanza anaweza kulala sakafuni pembeni ya godoro, au mlango wazi, au akarudi barazani. Msiseme kitu. Mtu aliyezoea kusikia barabara miaka mitano hutishwa na ukimya wa chumba. Acheni ufunguo kwake, wa pili uwe kwa mwanakikundi mmoja kwa idhini yake.

Karatasi sasa. Kwanza mwulizeni kama aliwahi kupigwa picha na kuwekwa vidole na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Huenda aliandikishwa zamani akasahau, na kumwandikisha mara ya pili kunagongana kwenye mfumo na kuchelewesha kila kitu. Ofisi ya NIDA ya wilaya inaweza kumtafuta kwa majina. Kama hayumo, anajaza fomu ya maombi, mtendaji anaithibitisha, na inaambatanishwa na cheti cha kuzaliwa au nyaraka nyingine zinazoonyesha umri na uraia. Usajili wa mara ya kwanza hauna malipo, kwa hiyo mtu yeyote anayewadai "hela ya fomu" muulizeni risiti.

Cheti cha kuzaliwa kwa mtu mzima ni usajili wa kuchelewa, unaosimamiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) kupitia msajili aliyeko ofisi ya mkuu wa wilaya. Watataka ushahidi: cheti cha shule, cha ubatizo, kadi ya zamani, na maelezo ya watu wanaomfahamu tangu utoto. Hao wa mwisho ndio wa kutafuta mapema, kwa sababu wanazeeka na wanakufa. Mkipata mzee mmoja wa kijijini kwao anayemkumbuka, mpandisheni daladala mje naye. Nauli yake imo kwenye ile 60,000 ya ofisini.

Mwaka wa kuzaliwa ushughulikieni kwa makini kuliko kitu chochote. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukikisia ukaandika 1972 kwa mtu aliyezaliwa 1962, umemfunga nje ya dirisha la wazee kwa miaka kumi, na kurekebisha ni kazi ya viapo na safari. Msimuulize "una miaka mingapi". Mwulizeni aliingia jando lini: ilikuwa kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa, katikati ya miaka ya 1970, au baada? Alikuwa na umri gani wakati wa vita ya Kagera, 1978 na 1979, alikuwa mtoto wa kuchunga au kijana wa kuoa? Anakumbuka Msumbiji kupata uhuru 1975? Mkusanye majibu matatu manne yanayokubaliana, halafu muulize aliyeingia naye jando, huyo hakosei. Na msimzidishie miaka ili apate huduma, kwa sababu uongo huo ukigundulika unaharibu jalada lote.

Vidole ni tatizo jingine la huku kwetu. Mtu aliyebangua korosho kwa mikono miaka mingi ameunguzwa na utomvu wa ganda, na mashine haisomi alama. Wabeba magunia na waponda kokoto hali kadhalika. Akirudishwa kwa sababu hiyo, apumzishe mikono, aoshwe kwa maji ya vuguvugu na kupakwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kisha arudi asubuhi vidole vikiwa safi na vikavu. Ngozi ya vidole hujijenga upya ikiachwa. Ikishindikana tena, ombeni msimamizi aandike hali hiyo kwenye mfumo, msikubali tu kuambiwa "njooni siku nyingine".

Na kama Babu atasema amezaliwa ng'ambo ya Ruvuma? Hili Mtwara lipo sana. Wapo waliovuka wakati wa vita ya ukombozi wa Msumbiji iliyoanza 1964, wapo waliokimbia machafuko ya Cabo Delgado kuanzia 2017, na Wamakonde na Wamakua wako pande zote mbili za mto. Msimfundishe kusema amezaliwa Newala. Tamko la uongo la uraia ni kosa la jinai, litamwangukia yeye na mtendaji aliyegonga muhuri. Nendeni na Afisa Ustawi ofisi ya Uhamiaji mkaeleze hali ilivyo. Wakati hilo linashughulikiwa, kidonda hakisubiri, na suala la chumba liulizeni hapohapo Uhamiaji.

Mguu ndio ulionitia wasiwasi zaidi katika swali lako. Mguu uliovimba muda mrefu ukanda huu unaweza kuwa matende, lakini unaweza kuwa kisukari, ukoma, moyo au figo. Mguseni taratibu pembeni ya kidonda na kwenye unyayo kwa ncha ya unyoya, akiwa amefumba macho. Akishindwa kuhisi, au kidonda kikubwa hakimuumi, apelekwe haraka apimwe sukari na ukoma. Dawa za ukoma hazilipiwi, na za kifua kikuu pia. Kwa hiyo kama ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mwambieni mhudumu apime makohozi kabla hajalala chumba kimoja na mtu yeyote. Wakati mnasubiri, mguu uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida, ukaushwe vizuri hata katikati ya vidole, ufunikwe kwa kitambaa safi, na akiketi uinuliwe. Msiweke majivu, mafuta ya breki wala unga wa vidonge.

Hospitali kwenu ni Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa. Msomaji wa Lindi aende Sokoine. Lakini kama kituo cha afya cha kata kiko karibu, anzieni hapo mpate rufaa. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanatibiwa bila malipo kwa sera ya serikali, na halmashauri hutoa kitambulisho cha matibabu cha mzee. Akiwa bado hajakipata, au hajafika 60, kuna msamaha. Kabla ya kufika dirisha la malipo, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali, mkiwa na barua ya mtendaji inayosema wazi hana ndugu anayemhudumia, hana kipato, na anaishi nyumba namba fulani. Mkienda dirishani kwanza, bili ikishafunguliwa na kuandikwa, kuifuta ni vita. Barua isiyosema "hana uwezo" kwa maneno hayo inaweza kurudishwa, kwa hiyo isomeni kabla hamjaondoka kwa mtendaji.

Mirembe iko Dodoma, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na inapokea wagonjwa wa rufaa waliowashinda wa mkoani. Si mahali pa kwenda kuishi. Kuongea peke yake kunatibika Mtwara hapahapa, kama mgonjwa wa kwenda na kurudi, kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa. Matibabu ya akili nayo yako kwenye kundi la msamaha. Daktari anaweza kumpa vidonge au sindano ya kila wiki mbili hadi nne. Kwa mtu aliyekaa barabarani sindano mara nyingi inafaa zaidi, kwa kuwa vidonge hupotea na huuzwa. Mjue mambo mawili. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla sauti hazijapungua, msikate tamaa wiki ya kwanza. Na baadhi hukakamaza mwili, kutetemesha mikono na kupinda shingo. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kuziacha, na iko dawa ya kuondoa hali hiyo, ila mpaka mtu amwambie daktari. Aende naye yule anayepeleka sahani, aeleze anachokiona.

Ndugu wakitaka mganga, msigombane nao hapo, ombeni tu sindano isikosekane. Kamba na minyororo zikataeni bila kusitasita. Kama ana fujo ya hatari, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina taratibu za kumfikisha hospitali. Mwiteni Afisa Ustawi, na polisi waitwe wakiwa pamoja naye.

Nipa. Msimnyang'anye ghafla. Mtu anayekunywa kila siku akikatishwa mara moja anaweza kutetemeka ndani ya saa chache, kupata degedege ndani ya siku mbili, na siku ya pili au ya tatu kuchanganyikiwa, kuona vitu na kuwa na joto kali. Hali hiyo inaua. Ikitokea ni hospitali usiku huohuo. Mkitaka apunguze, hakikisheni anakula kabla ya kunywa, anapunguza kidogo kidogo, na daktari anajua, ili apewe vitamini B1. Mwezi wa kwanza nisingemgusia pombe kabisa.

TASAF nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa watu wengi huanzia hapo na kukata tamaa hapo. Mpango wa kunusuru kaya maskini hauandikishi kila siku. Kaya hutambuliwa kwa awamu, majina hutajwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, dodoso linajazwa, kisha orodha inarudi kwenye mkutano kuthibitishwa. Mzee asiye na mtaa hana mkutano wa kumtaja. Kwa hiyo Babu aonekane kwenye mikutano ya mtaa, atambulishwe na mwenyekiti, na Afisa Ustawi amwandikie mratibu wa TASAF wa manispaa ili awamu ikifunguliwa jina lisisahaulike. Malipo ya simu yanataka laini yenye usajili wa alama za vidole, na laini inataka namba ya NIDA. Laini isisajiliwe kwa jina la mwanakikundi kwa kisingizio cha kumsaidia, maana siku mkikosana hela ni ya mwenye laini. Na msimwahidi pensheni. Zanzibar ina pensheni ya wazee wa miaka 70 na kuendelea tangu 2016, Bara haipo. Ila mwulizeni kama aliwahi kuajiriwa, bandarini, kiwanda cha korosho, serikalini. Michango ya zamani ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, au ya mifuko iliyounganishwa kuwa PSSSF (wa watumishi wa umma) mwaka 2018, hubaki kwa jina la mtu.

Wengine watawashauri ndugu zake watafutwe wamchukue. Watafuteni, lakini kwanza kama mashahidi wa kuzaliwa kwake. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera ukoo unakwenda upande wa mama, kwa hiyo aulizwe mjomba ni nani na watoto wa dada zake wako wapi, mtafika haraka kuliko kumtafuta baba. Na kabla ya kumrudisha, chunguzeni habari ya mikorosho. Mtu aliyepotea miaka mingi, mikorosho yake ina mwingine anayeokota na kuuza mnadani. Akirudi, anarudi na dai, hata asipofungua mdomo. Wengi wanaorudishwa kijijini bila kikao hurejea mjini kabla ya msimu kwisha, wengine na majeraha. Kikao cha ukoo kifanyike mbele ya mwenyekiti wa kijiji, iandikwe nani anamlisha, analala wapi, na mikorosho mingapi ni yake. Pakiwa na ubishi, baraza la kata hufanya usuluhishi, na wasaidizi wa kisheria wa wilaya hawatozi fedha. Akisema hataki kwenda kwao, basi.

Kinachowaangusha wengi ni mwezi wa tatu mpaka wa tano. Shangwe imepungua, sahani inachelewa, ziara zinakuwa za wiki hadi wiki, na Babu yuko peke yake ndani ya kuta nne. Barazani alikuwa na watu. Mpeni sababu ya kutoka: afagie uwanja wa mgahawa asubuhi kwa ujira mdogo, aende msikitini au kanisani na jirani, alinde viti. Wenzake wa barabarani wataanza kuja kulala kwake, na yeye hawezi kuwafukuza, maana ndio waliomgawia mkate. Kubalianeni naye mapema, mbele ya mwenye nyumba, wageni ni mchana. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, angalieni zaidi: vibarua vya maghala vinaleta hela, na hela inaleta nipa na marafiki wapya. Godoro likiuzwa, nunueni mkeka na msimhukumu, la pili linunuliwe baada ya mwezi.

Ikitokea amerudi barazani, shikilieni chumba kwa mwezi mzima kabla ya kukiachia, na yule anayemzoea aende amuulize kilichomfukuza. Mara nyingi ni kitu kimoja kinachorekebishika: jirani anayemtukana, choo kilichofungwa usiku, mwenye nyumba aliyechukua ufunguo. Mkilazimika kumhamishia mtaa mwingine, chukueni barua ya mtendaji wa zamani kabla hajaondoka, mkataba mpya uandikwe tena kwa jina lake, na nakala zote mbili zifike kwa Afisa Ustawi na kwa mratibu wa TASAF wiki hiyohiyo, ili jina lake lisibaki kwenye mtaa asiokaa tena.